Stenti kwa aota iliyopasuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na ndugu kuliko mgonjwa mwenyewe. Aliyepasukiwa na aota hana wasaa wa kuuliza. Anakimbizwa chumba cha upasuaji, na jamaa wanabaki kwenye korido wakiwa na fomu ya kusaini na maneno ambayo hawajawahi kuyasikia. Majibu yanahusu stenti, yaani kijibomba kinachoingizwa ndani ya ateri, kwa aota ya tumboni, kwa kuwa ndiyo ateri kubwa inayotuna na kupasuka mara nyingi zaidi. Ubongo umepewa swali lake karibu na mwisho, maana watu huchanganya mambo hayo mawili.

Aneurizimu ni kitu gani hasa?

Ni sehemu ya ateri iliyotuna kwa sababu ukuta wake umedhoofika. Aota ndiyo ateri kubwa kuliko zote: inatoka kwenye moyo, inapinda kifuani, inateremka mbele ya uti wa mgongo, na kwenye usawa wa kitovu inagawanyika kuwa matawi mawili yaendayo miguuni. Tumboni, upana wake wa kawaida ni kama sentimita 2. Ukifika sentimita 3 tayari inaitwa aneurizimu.

Ikiwa ndogo, haipasuliwi. Inapimwa tu kwa vipindi. Ikifika sentimita 5.5 kwa mwanamume, au karibu 5 kwa mwanamke, madaktari hushauri irekebishwe kabla haijaleta balaa, kwa kuwa hapo hatari ya kuiacha huanza kuipita hatari ya kuigusa. Aliyewahi kupuliza puto anaielewa hesabu hii bila kufundishwa: pumzi za mwanzo ndizo ngumu, lakini puto likishatanuka, linaendelea kutanuka kwa nguvu kidogo tu. Ateri nayo, kadiri inavyopanuka, ndivyo ukuta wake unavyovutwa zaidi kwa presha ileile.

Walio hatarini zaidi ni wavuta sigara, wanaume waliovuka miaka 65, wenye presha ya kupanda, na wenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kuwa nayo. Sigara ndiyo inayoongoza kwa mbali. Jambo moja huwashangaza wengi: kisukari, kinacholaumiwa kwa karibu kila ugonjwa wa mishipa, hakimo katika orodha hii. Wenye kisukari huipata aneurizimu ya aota mara chache kuliko wengine.

Kwa nini hakuwahi kulalamika?

Kwa sababu haiumi. Wengi huishi nayo miaka mingi bila kujua, na inagunduliwa kwa bahati pale ultrasaundi ya tumbo inapopigwa kwa sababu nyingine. Mtu mwembamba anaweza kuhisi kitu kikidunda juu ya kitovu akiwa amelala chali, lakini asidhani ni jambo. Msijilaumu kwa hilo.

Kama imepasuka, aliwezaje kufika hospitali akiwa hai?

Kwa sababu ya mahali ilipopasukia. Aota imelala nyuma kabisa ya tumbo, imefunikwa na utando. Ikipasuka kwa nyuma, hasa upande wa kushoto, damu inamwagika kwenye nafasi finyu kati ya utando huo na misuli ya mgongo. Nafasi ikijaa, damu yenyewe inakandamiza tundu na kuliziba kwa muda. Presha inashuka, na kushuka huko nako kunapunguza kasi ya kuvuja. Mgonjwa anapata saa chache, mara nyingine zaidi kidogo.

Ikipasuka kwa mbele, damu ikamwagika moja kwa moja ndani ya tumbo, hakuna cha kuizuia, na mtu hufa kwa dakika. Karibu nusu ya wanaopasukiwa hawafiki hospitali. Ukiwajumlisha wote, waliofika na wasiofika, takriban 8 kati ya 10 hufariki. Kwa hiyo yule aliye ndani ya chumba cha upasuaji amekwisha kuvuka mlango ambao wengi hawauvuki.

Mbona mwanzoni tuliambiwa ni mawe kwenye figo?

Hili ni kosa linalojulikana, na lina sababu. Damu inayovujia nyuma ya tumbo huleta maumivu makali ya ghafla ya kiunoni, yanayoshuka hadi kwenye kinena, yaani vilevile jiwe la figo linavyouma. Dalili tatu zinazotajwa vitabuni ni maumivu ya tumbo au mgongo, presha kushuka, na uvimbe unaodunda tumboni. Wagonjwa wengi hawaji na zote tatu kwa pamoja. Kwa maoni yangu, mtu aliyevuka miaka 60 anayeambiwa ana jiwe la figo kwa mara ya kwanza maishani asirudishwe nyumbani kabla aota yake haijaangaliwa kwa ultrasaundi. Kipimo chenyewe hakizidi dakika chache.

Stenti hiyo ni sawa na ile ya moyo?

Jina ni moja, kazi ni mbili tofauti. Stenti ya moyo ni kijibomba cha wavu wa chuma chenye upana wa milimita chache, kinachotanua ateri iliyoziba. Hapa ateri haijaziba. Imetanuka na kuvuja. Wavu mtupu usingesaidia kitu, kwani damu ingepita kwenye matundu yake. Kinachotumika ni stenti iliyoshonewa kitambaa kisichopitisha damu, cha poliesta au cha plastiki laini aina ya PTFE. Kiunzi chake huwa cha chuma cha pua au cha nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani unaoweza kubanwa ndani ya bomba jembamba kisha ukarudi katika umbo lake pindi unapoachiwa kwenye joto la mwili.

Fikiria suruali. Kiuno kinakaa chini kidogo ya ateri za figo, miguu miwili inaingia kwenye matawi yaendayo miguuni. Damu sasa inapita ndani ya suruali, na ule ukuta uliochanika unabaki nje, hauguswi tena na presha ya moyo.

Inaingizwaje bila kupasua tumbo?

Kwanza skani ya CT yenye dawa ya rangi. Ndiyo inayoonyesha tundu liko wapi, na zaidi ya hapo inatoa vipimo: shingo ya aneurizimu, yaani kipande cha aota nzima juu ya uvimbe, ina urefu gani, upana gani, imepinda kiasi gani. Katika upasuaji wa kupangwa hesabu hizi hupigwa kwa siku kadhaa. Hapa zinapigwa wakati machela inasukumwa, na stenti inachaguliwa kutoka kwenye kabati kama ilivyo.

Kisha ateri ya kinena hutobolewa kwa sindano, au hufunguliwa kwa mkato mdogo, kila upande. Waya mwembamba unapandishwa hadi juu ya mpasuko huku timu ikifuata safari yake kwenye kioo cha eksirei. Mgonjwa akianza kuzimika, daktari hupandisha puto kupitia waya huohuo na kulijaza ndani ya aota juu ya mpasuko. Ni sawa na kufunga koki: mvujo unasimama, moyo na ubongo vinapata damu. Lakini figo, utumbo na miguu vinakosa, kwa hiyo puto haliachwi muda mrefu.

Stenti huja vipande vipande. Kiwiliwili chenye mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi kinafunguliwa kwanza. Halafu kupitia kinena cha pili, daktari anautafuta ule mdomo wa mguu mfupi kwa waya ili aupachike mguu wa pili. Ndiyo hatua inayokula muda na kutoa jasho, kwa sababu unatafuta tundu dogo linaloelea ndani ya kifuko kipana. Hali ikiwa mbaya mno, wengine huweka stenti ya mguu mmoja tu, wanaziba tawi la pili, kisha wanaunganisha ateri za mapaja mawili kwa bomba linalopita chini ya ngozi.

Kazi hii yote inaweza kufanyika kwa ganzi ya kinena tu, mgonjwa akiwa macho. Si suala la starehe. Dawa ya nusukaputi hulegeza misuli ya tumbo na mishipa, lile kandamizo lililokuwa likizuia damu linaachia, na presha inaweza kuporomoka palepale.

Presha yake ilikuwa chini sana. Kwa nini hawakumjaza maji na damu haraka?

Walifanya kwa makusudi. Bonge la damu lililoziba tundu ni laini. Ukiirudisha presha ghafla katika kiwango cha kawaida, unalisukuma linatoka. Kwa hiyo maadamu mgonjwa anajibu akiitwa, namba ya juu ya presha huachwa kati ya 70 na 90 hadi mvujo uzibwe. Chini ya hapo moyo na figo zinaumia; juu ya hapo unacheza na tundu. Ndugu wanaoona namba kwenye mashine hufadhaika, na ni haki yao kufadhaika, ila huo ndio mpango.

Kila mgonjwa anafaa kuwekewa?

Hapana. Stenti inahitaji pa kushika. Lazima kuwe na kipande cha aota nzima, kama sentimita 1 hadi 1.5, kati ya ateri za figo na mwanzo wa uvimbe. Shingo ikiwa fupi mno, pana mno, imepinda sana au imejaa mabonge, kiuno cha suruali hakitabana. Njia za kupitia kwenye nyonga nazo zisiwe nyembamba sana wala zilizogandwa na chokaa ukutani hadi zisipitike. Wanawake hukwama hapa mara nyingi zaidi, kwa kuwa ateri zao ni ndogo.

Zipo stenti zenye madirisha au matawi kwa ajili ya ateri za figo na utumbo, ila nyingi hutengenezwa kwa vipimo vya mtu mmoja na huchukua wiki kadhaa. Aliyepasukiwa hana wiki. Asiyefaa anafunguliwa tumbo, na hilo si tiba ya daraja la pili; ni njia iliyotumika tangu mpasuaji Charles Dubost alipobadilisha aota ya tumbo yenye aneurizimu mjini Paris mwaka 1951.

Kati ya stenti na kufungua tumbo, ipi inaokoa zaidi?

Jibu la haraka ambalo wengi hulitaka, kwamba moja inaishinda nyingine waziwazi, silo sahihi. Utafiti mkubwa zaidi wa kulinganisha uliitwa IMPROVE, ulifanyika hasa Uingereza, na ulihusisha wagonjwa 613. Walipangwa kwa kura: kundi moja lijaribiwe stenti kwanza kama maumbile yanaruhusu, jingine lifunguliwe tumbo. Baada ya siku 30 waliofariki walikuwa asilimia 35 katika kundi la stenti na asilimia 37 katika kundi la upasuaji. Tofauti ndogo hivyo haithibitishi kitu.

Tofauti ilijitokeza kwingine. Kati ya walioruhusiwa kutoka hospitali, asilimia 94 wa kundi la stenti walikwenda moja kwa moja nyumbani, dhidi ya asilimia 77 wa kundi la pili. Wengine walihamishiwa mahali pengine pa kuuguzwa. Kufikia mwaka wa tatu, waliokuwa wamefariki ni asilimia 48 kwa stenti na 56 kwa upasuaji. Wanawake walionekana kunufaika zaidi. Na waliowekewa stenti kwa ganzi ya sehemu tu walipona zaidi kuliko waliolazwa kwa nusukaputi, ingawa hilo halikupangwa kwa kura, kwa hiyo huenda waliopewa ganzi walikuwa na nafuu tangu mwanzo.

Ningesema hivi: mgonjwa akifaa, na timu ipo na imezoea, stenti ndiyo ya kuanza nayo. Timu isiyoifanya mara kwa mara, ikijaribu usiku wa manane kwa mara ya kwanza, inaweza kupoteza dakika ambazo mpasuaji mzoefu angezitumia kuibana aota kwa klampu, koleo la kuzuia damu.

Nani alibuni njia hii?

Mpasuaji Nikolai Volodos aliweka stenti ya kitambaa kwenye aota ya kifuani huko Kharkiv, Ukraine, mwaka 1987, lakini dunia ilichelewa kusikia. Mpasuaji mwingine, Juan Parodi, aliiweka ya tumboni mjini Buenos Aires mwaka 1990. Kufikia 1994 ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwa waliopasukiwa, Nottingham na New York.

Tumbo limevimba na kuwa gumu siku ya pili. Je, inavuja tena?

Huenda, na skani ndiyo itakayosema. Lakini kuna jambo jingine la kuliogopa. Mpasuaji anayefungua tumbo huondoa damu iliyomwagika. Anayeweka stenti anaiacha humo humo. Lita kadhaa za damu, pamoja na utumbo uliovimba kwa kukosa damu, hupandisha shinikizo ndani ya tumbo. Likizidi milimita 20 za zebaki na viungo vikaanza kufeli, yaani mkojo unakata na mashine ya kupumulia inasukuma kwa taabu, hapo tumbo hufunguliwa na kuachwa wazi kwa siku kadhaa likiwa limefunikwa. Ndugu huona kama tiba imeshindwa. Haijashindwa, kuchelewa kufungua ndiko kunakoua. Ndiyo maana wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi hupima shinikizo hilo kila baada ya saa kadhaa, kwa kawaida kupitia mpira wa mkojo.

Mengine yanayoangaliwa siku za mwanzo: figo, zilizokosa damu kisha zikapewa dawa ya rangi, utumbo mpana, ambao ateri yake mojawapo hufunikwa na stenti, kwa hiyo kuharisha damu ni dalili mbaya, na miguu, kwani bonge likishuka mguu unakuwa baridi na kupauka. Kupooza miguu hutokea kwa nadra. Maumivu ya makalio anapotembea huwapata wale ambao tawi lao la ndani ya nyonga lilizibwa, na mara nyingi hupungua kwa miezi.

Kwa hiyo aneurizimu imeondolewa?

Hapana, na kama kuna jibu moja la kusomwa mara mbili ni hili. Kifuko kimebaki tumboni. Stenti imekipitia katikati na kukinyima damu, basi. Mambo yakienda vizuri, damu iliyomo inaganda na kifuko kinanywea taratibu kwa miezi na miaka. Yasipokwenda vizuri, damu inapata njia ya kurudi humo, na kifuko kinaendelea kukua kimyakimya kama zamani.

Mivujo hiyo ya ndani hupewa namba. Ya kwanza ni stenti kutobana juu au chini; hii ni ya hatari na hutibiwa mara inapoonekana. Ya pili, inayotokea sana kuliko zote, ni ateri ndogo za mgongoni au za utumbo zinazorudisha damu kinyumenyume. Nyingi hujiziba, na huguswa tu kifuko kikiwa kinakua. Ya tatu ni vipande kuachana au kitambaa kutoboka, nayo haivumiliwi. Ya nne ni kitambaa kuchuja damu kidogo siku za kwanza. Ya tano ni kifuko kukua bila mvujo wowote kuonekana.

Utafiti mwingine wa Uingereza, EVAR 1, uliwafuatilia kwa miaka 15 watu waliorekebishwa kabla ya kupasukiwa. Miaka ya mwanzo waliowekewa stenti walikuwa mbele ya waliofunguliwa tumbo. Baada ya mwaka wa 8 mizani iligeuka: vifo vilivyotokana na aneurizimu vilikuwa vingi zaidi kwao, hasa kwa sababu kifuko kilipasuka baadaye licha ya stenti.

Basi atafuatiliwa hadi lini?

Maisha yake yote. Kwa kawaida skani ya kwanza hufanyika ndani ya mwezi, halafu angalau mara moja kwa mwaka. Ikionekana shwari, ultrasaundi huchukua nafasi ya CT ili kupunguza mionzi na dawa ya rangi. Anayejisikia mzima ndiye huacha kwenda, na ndiye wa kusukumwa. Ndugu mmoja achukue jukumu la kukumbuka tarehe, asiachiwe mgonjwa peke yake.

Maisha ya kila siku yatabadilika?

Kidogo kuliko mnavyohofia. Kutembea aanze mapema. Mizigo mizito isubiri vidonda vya kinena vipone. Mashine za ukaguzi kwenye uwanja wa ndege kwa kawaida hazipigi kelele. Kipimo cha MRI kinawezekana kwa stenti nyingi za nitinoli, ila lazima wapimaji waambiwe aina yake, maana za chuma cha pua zina masharti na huharibu picha.

Sigara iishe kabisa. Dawa za presha na za kushusha lehemu ziendelee, na mara nyingi huongezwa aspirini kwa kipimo kidogo. Dawa za kuua bakteria za jamii ya siprofloksasini ziepukwe kama ipo nyingine ya kufaa. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba zinaweza kuongeza hatari ya aota kupasuka.

Sisi watoto wake tupimwe?

Ndiyo, ongeeni na daktari kuhusu ultrasaundi, hasa wana na ndugu zake wa kiume waliokwisha kuingia utu uzima. Haina sindano wala mionzi. Uingereza huwaita wanaume wote wanapofika miaka 65 kwa kipimo kimoja tu.

Ni mzee na mgonjwa wa mambo mengi. Tunaruhusiwa kukataa?

Mgonjwa anaruhusiwa, na akishindwa kusema, ninyi mnasema alilokuwa akilitaka yeye, si mnalolitaka ninyi. Umri peke yake si sababu ya kumnyima stenti. Wapo wa miaka 80 na ushei waliorudi nyumbani kwa miguu yao. Albert Einstein aligunduliwa aneurizimu ya aota mwaka 1948, ikafungwa kwa karatasi ya selofani, tiba ya enzi zile. Ilipoanza kuvuja Aprili 1955, akiwa na miaka 76, alikataa upasuaji na akafariki siku chache baadaye. Alikuwa na akili timamu na alielewa anachokikataa. Hicho ndicho kipimo.

Jirani alipasukiwa na aneurizimu ya ubongo. Ni tiba hiihii?

Hapana. Ateri za ubongo ni nyembamba na kifuko chake huwa kama tunda dogo lililoning'inia pembeni. Kikipasuka, kwa kawaida hujazwa koili, yaani nyaya nyembamba zilizojikunja, za platinamu kupitia katheta, mpira mwembamba unaopitishwa ndani ya ateri, au shingo ya kifuko hubanwa kwa klipu kwa kufungua fuvu. Stenti hutumika pia, lakini kwa tahadhari katika siku za mpasuko, kwa sababu inadai dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa mtu ambaye ametoka kuvuja damu kichwani.

Miaka 3 imepita, leo anaumwa tumbo ghafla. Tufanye nini?

Msimpe dawa ya gesi mkasubiri asubuhi. Mpelekeni dharura, na neno la kwanza mlangoni liwe: "Ana stenti kwenye aota, iliwahi kupasuka." Bebeni kadi ya stenti na skani ya mwisho, kwa sababu daktari wa zamu atataka kulinganisha ukubwa wa kifuko cha leo na cha mwaka jana.